Boti ya Familia Isife na Mwenyewe

Kuna kampuni ya meli huko Louisiana, kusini mwa Marekani, ambayo nimeifuatilia kwa miaka, na kilichonivuta ni mwanzo wake. Ilianza kama wanavyoanza watu wetu wa Kibirizi, ufuko wa boti hapa Kigoma. Mwenyewe alikuwa mvuvi mwenye chombo na watoto, anaishi kando ya maji yanayomlisha. Leo kampuni hiyo, Edison Chouest Offshore, ina meli zinazofika Brazili na zilizowahi kufika hadi Antaktika, ina karakana zake za kuunda meli na gati zake za kupakilia, na bado iko mikononi mwa familia ile ile. Mimi ni mtoto wa Kigoma. Nimeona familia nyingi hapa zenye boti nzuri, na nimeona boti hizo zinaishia wapi mwenyewe akishafariki. Ndiyo maana habari za watu hawa siwezi kuzisoma kama habari za mbali.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi wakisikia mafuta ya baharini wanafikiria mtambo wa kuchimba tu. Mwaka 1947 kampuni ya Kerr-McGee ilichimba kisima katika Ghuba ya Mexico mahali ambapo nchi kavu haionekani tena kwa macho. Mtambo ukishakuwa huko, kila kitu lazima upelekewe: mabomba, saruji, maji ya kunywa, dizeli, chakula, watu wa zamu, na lile tope zito linalosukumwa ndani ya shimo ili lipoze keekee, lipandishe vipande vya mwamba na kuzuia gesi isipande kwa nguvu. Nani atapeleka? Mwanzoni walitumia vyombo vya kijeshi vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, na wakawakodi wavuvi wa kambamiti na chaza pamoja na boti zao.

Boti ya uvuvi haikuundwa kwa kazi hiyo. Sitaha yake ni fupi na imejaa vitu, bomba refu halipati pa kulala. Mwaka 1955 Alden Laborde na wenzake wakashusha majini chombo kilichoitwa Ebb Tide. Chumba cha nahodha walikisogeza mbele kabisa, na sehemu yote ya nyuma wakaiacha wazi, sitaha tambarare ya mizigo. Kampuni yao ikaitwa Tidewater, na mdogo wake Alden, John Laborde, akaiongoza kwa miaka mingi. Ukitazama picha ya meli yoyote ya kuhudumia visima leo, iwe ya Norway au ya Brazili, utaliona umbo lile lile. Kilichoongezeka kiko chini ya sitaha, kwenye matangi ya tope, maji, dizeli na saruji kavu, na kwenye mitambo ya kompyuta inayoifanya meli isimame mahali pamoja bila nanga, propela za pembeni zikisukumana na upepo na mkondo.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulipolipuka na kuua watu 11, meli iliyokuwa ubavuni mwake ikipokea tope ilikuwa ya Tidewater, jina lake Damon B. Bankston. Manusura 115 walipandia humo. Mimi nikiitaja kazi ya meli za huduma huwa naanzia hapo. Mwenye kisima ndiye anayeandikwa kwenye magazeti, ila aliyekuwepo pale pale usiku ule ni mbeba mizigo.

Sasa Edison Chouest. Alikuwa mvuvi wa kambamiti wa Galliano, kwenye kijito kirefu kiitwacho Bayou Lafourche. Watu wa huko asili yao ni Wafaransa, na wazee wao wengi walikua wakizungumza Kifaransa nyumbani. Vijiji vyao vimepangana kandokando ya maji: Larose, kisha Cut Off, kisha Galliano, kisha Golden Meadow, mpaka kijito kinapomwaga baharini. Mwaka 1960 Chouest akaanzisha kampuni ya kuhudumia visima. Mwanawe, Gary, ndiye aliyekuja kuishika na kuikuza.

Ukiniuliza waliwazidi nini wenzao wa kijito kile kile, maana wenye boti walikuwa wengi, nitakuambia kwamba waliitazama kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho, na kila walipoona wanamtegemea mtu mwingine wakajifunza kufanya wenyewe. Walianza na uundaji. Mwaka 1974 wakafungua karakana yao Larose, North American Shipbuilding, jirani kabisa na nyumbani. Mwenye meli anayeunda meli zake hasubiri foleni ya fundi wa mtu, na nahodha akirudi na malalamiko kwamba sitaha ni nyembamba au winchi imekaa vibaya, chombo kinachofuata kinarekebishwa. Baadaye zikaja karakana nyingine, Houma hapo hapo Louisiana, Gulfport kule Mississippi, Tampa kule Florida, na Navegantes nchini Brazili.

Kisha kikaja kipindi kigumu. Bei ya mafuta iliporomoka mwaka 1986 na kazi za Ghuba zikakauka. Huko Louisiana watu walihama, nyumba zikabaki zimefungwa. Akina Chouest walikuwa na wateja ambao hawahusiani na mafuta hata kidogo. Meli yao Carolyn Chouest iliisindikiza kwa miaka NR-1, nyambizi ndogo ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1992, kutoka kwenye karakana ile ile ya Larose, katikati ya vinamasi vyenye mamba na joto kali, ikatoka Nathaniel B. Palmer, meli ya mita 94 ya kuvunja barafu, iliyokodishwa na shirika la taifa la sayansi kwa utafiti wa Antaktika. Mwaka 1997 ikafuata Laurence M. Gould. Watu waliokulia mahali ambapo barafu wanaiona kwenye friji wakaunda meli ya kupasua barafu ya bahari. Hilo linanigusa kila nikilikumbuka, kwa sababu sisi huku tumezoea kuambiwa kwamba kazi fulani si za watu wa mahali petu.

Jambo ninalolipenda zaidi ni gati. Port Fourchon iko mwisho wa Bayou Lafourche, ndiyo inayohudumia sehemu kubwa kabisa ya visima vya kina kirefu katika Ghuba. Zamani meli ikifika pale ilihangaika. Inakwenda gati hili kuchukua dizeli, lile kuchukua tope, inasubiri winchi ipakie mabomba, inahama tena kwa maji. Siku inapita, na meli iliyokodishwa hulipiwa kwa siku. Katika miaka ya 1990 akina Chouest wakajenga C-Port. Ni vyumba vikubwa vya maji vilivyoezekwa paa, meli inaingia kama gari linavyoingia gereji, na humo inapata vyote kwa mara moja, kreni zikipita juu yake hata mvua ikinyesha. Kazi iliyokuwa ikila siku nzima au zaidi ikawa ya saa chache. Faida yao kubwa kwa mteja ilikuwa hiyo, kumrudishia muda wake.

Nimewahi kukaa Kibirizi asubuhi nzima nikitazama boti moja ikipakiwa kwenda Kalya, na nikaelewa C-Port kuliko maelezo yoyote yangenielewesha. Saruji ilikuja kwanza, kwa pikipiki ya matairi matatu, ikabebwa mabegani na vijana waliovua viatu. Ilipangwa katikati, juu ya mbao, isiguswe na maji yanayovuja, ikafunikwa turubali. Kisha boti ikasubiri mchele. Mchele ulipofika, bati zikawa hazijatoka dukani mjini. Chumvi ya Uvinza ilikuwa tayari lakini mwenye mzigo hayupo, na bila yeye hakuna wa kuandikiwa daftarini. Petroli ilikuja mwisho, kwenye madumu, ikawekwa nyuma karibu na injini mbali na unga, kwa sababu unga ukishika harufu ya petroli mwenye duka wa Kalya haupokei, na hasara ni ya mwenye boti. Nahodha alikuwa akitazama ziwa. Upepo wa kiangazi ukishaanza kupanda, safari ya kwenda kusini inakuwa ya kuombewa dua. Waliondoka jua likiwa limeshapita utosini, abiria wameketi juu ya magunia.

Hakuna mtu pale aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alifanya sehemu yake kwa bidii, na bado nusu ya siku ilipotea kwa sababu hakuna aliyemiliki mpangilio wa kazi yote. Ghala moja lililo karibu na maji, lenye paa, linalopokea mizigo ya Sigunga, Herembe, Buhingu na Kalya tangu jana yake, lingeokoa saa hizo. Familia moja yenye boti tatu ingeweza kulijenga.

Na kazi ipo. Ziwa letu, Tanganyika, lina urefu wa kilomita zipatazo 673, na ufuko wetu umebanwa na milima kiasi kwamba kuna vijiji ambavyo njia yao ya kweli ni maji. Mwezi Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga kwa maelfu, wakarundikana kwenye kipande kile cha ufuko chini ya mlima, kipindupindu kikaingia. Hakukuwa na barabara ya kuwatoa. MV Liemba ilikwenda kuwachukua, ila haikuweza kugusa ufuko, kwa hiyo boti ndogo za mbao ndizo zilizowabeba watu na kuwapeleka hadi kwenye meli. Vyombo vya wenyeji vilifanya kazi ambayo kule Ghuba ingeitwa kwa jina kubwa na kulipwa kwa dola.

Tukiitaja Liemba, tumeitaja familia nyingine. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, na karakana ya Meyer, iliyoanzishwa mwaka 1795 na kuendeshwa na ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi. Waliiunda mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika ziwani mwaka 1914. Mwaka 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 isichukuliwe na adui, na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito. Iliibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa hiyo kazi nzuri ya kampuni ya familia tumeishi nayo hapa zaidi ya miaka mia moja. Na ukoo huo wa Meyer nao, mwaka 2024, ulilemewa, serikali ya Ujerumani na jimbo lake zikachukua takriban asilimia 80 ya hisa ili karakana isifungwe. Baada ya miaka 229.

Nalisema hili kwa sababu sitaki mtu adhani undugu ni kinga. Bei ya mafuta ilipoanguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, biashara ya meli za huduma iliumizwa vibaya. Tidewater ya akina Laborde, ambayo zamani hizo ilikuwa imeshakuwa kampuni ya soko la hisa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2017. Kule Norway, Farstad na Solstad, zote mbili zilizoanzishwa na familia, ziliunganishwa mwaka huo huo zikiwa zimelemewa na madeni. Walikuwa wameagiza meli nyingi wakati wa neema, kwa mikopo, na kila mmoja aliagiza kwa kudhani mwenzake hataagiza. Akina Chouest nao wana majeraha yao. Meli yao Aiviq, iliyoundwa kwa gharama ya takriban dola milioni 200 kwa kazi ya Shell huko Alaska, ilikuwa ikivuta mtambo wa Kulluk Desemba 2012 katika dhoruba. Pingu ya chuma iliyoshika kamba ya kuvutia iliachia, injini zote nne zikazima, na tarehe 31 Desemba mtambo ukapanda mwamba. Shell ikaja kuacha Alaska, na meli ikakaa bila kazi ya maana kwa miaka, mpaka walinzi wa pwani wa Marekani walipoinunua kwa dola milioni 125 na kuipa jina la Storis. Kampuni iliyobeba hasara ya namna hiyo na kubaki imesimama, kwangu mimi, ilikuwa imejiandaa tangu zamani.

Huku kwetu kinachoua si bei ya mafuta. Kinachoua ni msiba.

Mjomba wangu alikuwa na boti ya mizigo na injini mbili. Alianza na mtumbwi wa dagaa na karabai, akaona kwamba siku za mbalamwezi, wavuvi wote wakiwa wamekaa ufukoni kwa sababu dagaa hawaifuati taa, wenye maduka ya vijijini bado wanataka sukari. Akahamia kwenye kubeba. Alikuwa na daftari la jalada gumu, kila mzigo umeandikwa mwenyewe, idadi, na mahali unaposhuka, na pembeni alama ya vema ikishapokelewa. Watu walimwachia fedha bila risiti. Alipofariki, kikao cha ukoo kilikaa baada ya arobaini. Hakuna aliyedhulumu mtu, kila mrithi alikuwa na haki yake ya kweli, na kulikuwa na ada za shule na madeni. Lakini boti haikatwi kama shamba. Injini moja iliuzwa, kisha ya pili. Boti ilibaki imepandishwa mchangani, jua likaila, mbao zikaachana, pamba ya kalafati ikawa inaning'inia nje. Wateja wakatafuta chombo kingine ndani ya mwezi. Daftari ndilo lililokuwa mali kubwa kuliko zote, na halikugawiwa kwa sababu hakuna aliyelihesabu kuwa mali.

Nimeona jambo hilo hilo kwa majirani, Ujiji, Katonga, Mwandiga, na siku zote tunasema ni husuda au ni uchawi. Mimi nasema mali ilikuwa imeandikwa kwa jina la mtu, na mtu hufa. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ni mtu mbele ya sheria, na mtu huyo hana kaburi. Boti na injini zinakuwa za kampuni, chombo kinasajiliwa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, kwa jina hilo, na watoto wanarithi hisa. Anayetaka fedha yake anawauzia ndugu zake hisa, boti inaendelea kwenda Kalya. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi kule Ujiji, baba akiwa hai na mwenye akili timamu anaweza kutoa hiba ya hisa kwa watoto wake mapema, na mafungu ya mirathi yakaja kufuata kwenye kilichobaki. Nenda kamuulize sheikh, kisha nenda kwa mwanasheria. Kaa nao wote wawili kabla ya kununua injini ya tatu.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike. Wavuvi waliumia, na sitaki kulifanya jambo lao dogo. Boti za mizigo hazikufungiwa. Kwa wenye vyombo waliokuwa bado wanajiuliza kama wabaki kwenye nyavu peke yake, miezi ile mitatu iliwajibu.

Mtoto wa kiume wa mjomba amejenga upya. Ana boti mbili sasa, moja ya mninga iliyotoka kwa fundi juzijuzi, bado inanukia mawese waliyoichovyea pamba. Tumekaa vikao vya kampuni hiyo, sisi wa ukoo, na jina limeshakubaliwa. Kinachobishaniwa ni hisa za mabinti. Mke wa mjomba amesema wazi, mbele ya wazee, kwamba binti yake mkubwa ndiye aliyelishika daftari tangu boti ya kwanza ya kaka yake iingie majini, kwa hiyo awe mkurugenzi mwenye sahihi benki na si msaidizi wa kuandika mizigo. Nikakumbuka kwamba akina Chouest wanaziita meli zao majina ya watu wa nyumbani, wanawake kwa wanaume, Carolyn, Dolores, Laney. Nikalisema pale kikaoni, wazee wakasikiliza. Kaka anasema dada yake anastahili, ila amalize kwanza deni la injini ndipo waandikishe. Mama anasema kuandikisha kwanza, deni baadaye, na liwe deni la kampuni. Mimi niko upande wa mama, na fomu ziko kwangu.